Mforsadi na Moyo: Gome, Tunda na Jani

Ndugu zangu, wengi wenu mnaniuliza swali moja tu: je, mforsadi unatibu moyo? Naomba tuanze na tabibu wa kale wa China, ambaye hakuwa na kipimo cha shinikizo la damu. Alichokiona ni mtu aliyevimba uso na miguu, anakohoa, anahema kwa shida. Akamchemshia gome la mzizi wa mforsadi, mkojo utoke na maji yapungue mwilini. Leo tunajua kwamba uvimbe wa namna hiyo huweza kutokana na moyo ulioshindwa kusukuma damu, au figo, au ini. Kwa hiyo gome lilielekezwa kwenye dalili. Nasisitiza hili kwa sababu watu husikia "lilipunguza uvimbe" wakaelewa "liliponya moyo", na kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa mno.

Tunda lilihesabiwa kuwa la kuongeza damu. Forsadi nyeusi zina anthosiyanini (rangi ya asili inayozifanya ziwe nyeusi), vitamini C na potasiamu; ni chakula kizuri, zileni.

Jani ndilo linalonivutia zaidi. Zamani lilitumika kwa homa, kikohozi na macho mekundu. Habari za moyo hazikuwa mbele. Lakini ndani yake mna kiambata kiitwacho DNJ, ambacho huzuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja wanga. Mtu akinywa chai ya jani hilo pamoja na mlo, sukari huingia kwenye damu polepole zaidi, na majaribio kwa binadamu yameonyesha hivyo. Sukari inayozidi miaka nenda miaka rudi huharibu mishipa, na mishipa ikiharibika moyo nao huumia. Njia ya jani kuufikia moyo, kama ipo, naiona inapita hapo. Kuhusu shinikizo la damu, majaribio bado ni machache na madogo. Sitamwambia yeyote aache vidonge vyake.

Anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari kwanza, maana sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kama potasiamu iliyomo kwenye forsadi inamfaa. Matunda ambayo hayajaiva na utomvu mweupe wa mti huvuruga tumbo.

Na mtu akibanwa kifua ghafla, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, msimchemshie chochote. Mkimbizeni hospitali.