Data za Serikali Zikiwa Winguni, Dhamana ni ya Nani?

Mabibi na mabwana, ofisi ya serikali inapohamishia kumbukumbu zake kwenye hifadhi ya wingu, hukodi seva, umeme na mafundi. Haikodi mtu wa kuibebea dhamana. Mtoa huduma hulinda jengo na mitambo yake. Nani afungue faili lipi, akaunti ya aliyehama idara ifungwe lini, ufunguo wa usimbaji fiche, yaani wa kufungulia data iliyogeuzwa isisomeke, ukae mikononi mwa nani: hayo ni ya ofisi yenyewe, na mkataba unaoyanyamazia ni mkataba mbovu.

Uswidi iliyapitia mambo hayo. Mwaka 2015 mamlaka yake ya usafiri, Transportstyrelsen, iliikabidhi kampuni ya kompyuta ya IBM mifumo yake, na mkurugenzi mkuu akaamua kuyaruka masharti ya sheria, hata mafundi waliokuwa nje ya nchi, ambao hawakufanyiwa upekuzi wa usalama uliotakiwa, wakaweza kuzifikia taarifa nyeti. Faini ya kronor 70,000 ilimwangukia mkurugenzi huyo, na Julai 2017 mawaziri wawili wakaondoka madarakani.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa huwa dogo kuliko hilo. Ofisa mwenye haraka, anayetaka mwenzake wa idara nyingine aipate orodha ya mishahara kabla ya kikao, hubadilisha ruhusa ya folda kutoka faragha kwenda umma, hutuma kiungo, kisha husahau. Hapavunjwi kufuli wala hailii kengele. Anayekuja miezi sita baadaye hupita mlangoni kama mwenyeji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila ruhusa iwe na tarehe ya kukoma, na kwamba kumbukumbu za walioingia zisomwe na mtu anayejulikana kwa jina. Si kitengo, mtu.

Kulinda ni pamoja na kuzuia upotevu. Septemba 2025, moto ulioanzia kwenye betri uliteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini: terabaiti 858, bila nakala mahali pengine. Wingu lile lilikuwa la serikali yenyewe. Kwa hiyo anayeamini kwamba kujenga kituo chetu wenyewe kunamaliza suala hili, namwomba atujibu kwanza: nakala ya pili iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa lini?