Mashua tatu si mbio

Ndugu wanachama, nimepangiwa mambo manne ya mbio zetu za mashua za matanga: madaraja, yaani makundi ya mashua za aina moja zinazoshindana pamoja, ukaguzi wa mashua, mstari wa kuanzia na hesabu ya pointi. Naanza na madaraja, na mnaonisikiliza kila mwaka mnajua hapo ndipo nitakapokaa.

Chukueni klabu yenye mashua 20. Ikijigawa madaraja sita, kila daraja linabaki na mashua tatu, likizidi sana nne. Mashua tatu zikishaachana kwenye boya la kwanza, mbio zimekwisha. Kila mmoja anatembea peke yake hadi mwisho, na anayeshika mkia anarudi nyumbani akihesabiwa mshindi wa tatu. Hapo nani amejifunza kitu?

Atasema mtu: basi tuzianzishe zote pamoja, tutumie namba za Portsmouth, ambazo kila aina ya mashua hupewa kulingana na kasi yake. Sawa, tupige hesabu. Unachukua muda wa mashua kwa sekunde, unazidisha kwa 1000, unagawa kwa namba yake. Mashua yenye namba 1000 imemaliza kwa dakika 55, yaani sekunde 3300. Muda wake unabaki 3300. Yenye namba 1100 imemaliza kwa dakika 60, sekunde 3600. Ukigawa unapata 3273. Iliyofika dakika tano baadaye imeshinda kwa sekunde 27. Hesabu ni safi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni upepo. Ukifa dakika ya 56, ile ya kwanza imeshafika na ya pili imebaki majini matanga yakining'inia. Upepo ukiongezeka dakika hiyohiyo, mambo yanageuka. Namba haijui upepo ulikufa saa ngapi! Tena mashua za kasi tofauti haziwezi kuchungana. Huwezi kumzuia mwenzako upepo wakati wa kubisha, yaani kwenda mshazari kuelekea upepo unakotoka, ikiwa ameshakuacha mita 200, wala huwezi kujua kosa lako liko wapi: kwenye tanga, kwenye njia uliyochagua, au kwenye namba.

Kwa hiyo nasema tena: madaraja mawili yatosha. Watoto wapande Optimist, mita 2.30, kilo 35 bila tanga wala mlingoti, hadi mwaka wanaotimiza miaka 15. Wengine wote ILCA, mashua ya mtu mmoja, ile iliyoitwa Laser hadi 2019. Bodi, yaani mwili wa mashua, ni moja, mita 4.23, usukani ni uleule, ubao wa katikati ni uleule. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti: mita za mraba 4.7 kwa ILCA 4, 5.76 kwa ILCA 6, 7.06 kwa ILCA 7. Mtasema, hayo si madaraja matatu tayari? Ndiyo, kwa klabu kubwa. Klabu ndogo ichague tanga moja, na langu ni la 5.76. Mwenye kilo 90 ataumia upepo ukiwa mwepesi, sikatai. Lakini ataumia akiwa katikati ya mashua 15 zinazofanana na yake, na kila akiachwa ataona ameachwa na nani na kwa sababu gani.

Wenye mashua za aina nyingine hawafukuzwi. Waanze mwishoni, kwa namba.

Ukaguzi. Jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalovunja msimu wa watu. Kabla ya kusimamisha mlingoti, jaza maji kwenye tundu unamokaa, kisha ungoje dakika kumi. Maji yakishuka, tundu limetoboka na yanaingia ndani ya bodi. Linatoboka kwa mchanga: mtu anachomeka mlingoti bila kuosha kitako chake, halafu kila mlingoti unapozunguka, chembe zile zinasaga chini kama msasa. Osheni tundu, osheni na kitako cha mlingoti, kila siku. Mashua iliyokunywa maji inakuwa nzito, na siku ya upepo mkali tundu linaweza kupasuka kabisa, mlingoti ukaanguka na sitaha.

Mstari wa kuanzia, kwa haraka. Zikibaki dakika tano kabla ya kuanza inapanda bendera ya daraja, zikibaki nne ya maandalizi. Ikibaki dakika moja ya maandalizi inashuka, kwenye sifuri ya daraja inashuka na mbio zinaanza. Saa yako ifuate bendera; mlio usiposikika, bendera ndiyo sheria. Waamuzi nao wapime mstari: mashua 20 za mita 4.23 ni karibu mita 85 zikipangwa mfululizo, kwa hiyo wekeni mita 125 hivi. Na uwe mkingamo kwa upepo. Mstari wa mita 100 uliopinda nyuzi 10 unampa wa upande mmoja faida ya mita 17, na watu wote watasongamana pale, wagongane, waamuzi wawarudishe, waanze kulaumiana. Simama katikati ya mstari, elekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, kwenye upepo, tanga lipepee: mwisho wa mstari ulio karibu zaidi na omo ndio wenye faida. Waamuzi, mkiona hivyo, sogezeni boya kabla ya bendera ya kwanza, si baada yake.

Pointi sitazifikia, muda umekwisha. Karatasi yake iko mezani. Sasa nani analeta mashua ya ukaguzi Jumamosi? Naomba majina.