Usisubiri woga uishe ndo uende

Asanteni. Na wewe uliyekaa karibu na mlango ili utoke haraka, kaa hapohapo, kufika tu umeshafanya kazi kubwa.

Naongea na nyie mnaoogopa kuwa mbele za watu, ambao simu ikiita mnaiangalia mpaka ikate, mkialikwa mnasema nakuja alafu saa ikifika mnatuma meseji kwamba mnaumwa. Ukishaituma unapata ahueni, eeh? Moyo unatulia kabisa. Sasa hiyo ahueni ndo inayokumaliza, maana ubongo unaandika kwamba umesalimika kwa vile hukwenda, kumbe hata hatari haikuwepo, na safari ijayo woga unakuja na nguvu zaidi.

Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Ellis. Alipokuwa na miaka 19 alikuwa anaogopa sana kuongea na wanawake, akajipa kazi, mwezi mzima anaenda kwenye bustani ya mimea huko New York, akimkuta mwanamke kakaa peke yake kwenye benchi na yeye anakaa, na ndani ya dakika moja lazima aanzishe maongezi. Alisimulia mwenyewe kwamba kama 30 waliinuka wakaenda zao, 100 akaongea nao, mmoja tu ndo alikubali miadi, na huyo mmoja hakutokea! Lakini woga wake ukaisha, sababu yale mabaya aliyoyawaza hayakutokea, hakuna aliyemwitia polisi. Mi hapo ndo huwa napapenda, kwamba hakupata alichofuata ila alipona.

Kwa hiyo kabla hujaingia penye watu andika unachodhani kitatokea, mfano nitatetemeka na wote watanicheka. Ukitoka soma tena, linganisha. Anza na dogo, hata kumuuliza mtu saa ngapi. Na simu ibaki mfukoni jamani, ukishinda umeiinamia, mambo yakienda vizuri utasema simu ndo imekuokoa, na hutakuwa umejifunza kitu.

Nyie mnaowasaidia wenye woga huu, acheni kuwaambia "jiamini tu", wameshajaribu. Muulize woga umemnyima nini anachokitaka kweli, labda kuongea kwenye harusi ya dada yake, alafu mpange hatua kuelekea huko, ila achague yeye, usimsukume.

Haya, maswali. Maiki ipo hapa mbele, sauti ikitetemeka we endelea tu, tutakusubiri.