Bega Likichomoka: Mazungumzo na Wavuvi wa Kibirizi, Kigoma

Mwakeye! Wazee wangu, shikamooni. Wiki hii nimeichagua makusudi. Mbalamwezi ni kubwa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala. Giza likirudi simpati hata mmoja wenu.

Leo ni bega. Sisi tumezoea kusema "nimeteguka", iwe kifundo cha mguu au bega. Tuyatenganishe. Kifundo kikiteguka, mara nyingi mifupa iko palepale, ni kano tu zimevutika. Bega ninalolisema mimi limechomoka: kichwa cha mfupa wa mkono kimetoka kwenye kishimo chake.

Mama wa chai, niazime kisosi na hilo chungwa. Asante. Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu; kuichomoa kunataka ajali kubwa. Bega ndiyo hili chungwa juu ya kisosi. Kishimo hakina kina, kazi ya kushikilia inafanywa na misuli, kano na ukingo laini unaokizunguka. Ndiyo maana unaweza kurusha kamba, kupanda mchikichi na kujikuna mgongo kwa mkono uleule.

Sasa mkono uwe juu, umetanuka, halafu usukumwe nyuma. Umeshika kamba ya wavu, wimbi limeinua mtumbwi, mwili umekwenda huku, mkono umebaki kule. Basi. Kati ya mabega 100, kama 95 huchomokea mbele. Machache huchomokea nyuma, hasa kwa aliyeanguka kifafa au kupigwa shoti ya umeme, na hayo hutuponyoka hata sisi watabibu, maana kwa nje bega halionyeshi sana.

La mbele halijifichi. Mtu anakuja amekibeba kiwiko chake kwa mkono wa pili kama mtoto mchanga. Ule mviringo wa bega umepotea, pamekuwa kama kona ya meza, na chini ya mtulinga kuna uvimbe mgumu. Mwambie aguse bega la pili kwa kiganja cha mkono ulioumia: hawezi.

Hapo ndipo anatokea jamaa mwenye nguvu. "Mlazeni, nimvute." Ndugu zangu, kwapani hapo kuna mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu ya mkono mzima, na kile kichwa cha mfupa kimeshaisogelea. Pengine mfupa wenyewe umevunjika, hasa kwa mzee aliyeanguka, na mtoto mdogo ndiye kabisa: kwake huwa ni kuvunjika kuliko kuchomoka. Bila picha ya eksirei, huyo jamaa anavuta asichokiona.

Nami sijitoi. Nikiwa mgeni kazini nilirudisha bega la kijana mmoja kwa haraka, likaingia, nikafurahi. Kesho yake hakuweza kuuinua mkono, na hapa juu ya bega, pale bega la shati linapoteremkia mkononi, hakusikia nikimgusa. Mshipa wa fahamu. Je, uliumizwa na ajali au na mimi? Sikuwa nimempima kabla, kwa hiyo sikuwa na jibu la kumpa. Miezi ikapita ndipo nguvu zikarudi. Tangu siku hiyo nagusa kwanza pale begani, napapasa mapigo ya kifundo cha mkono, ndipo mengine.

Hospitali mtapigwa picha, mtapewa dawa ya maumivu, pengine sindano ya ganzi ndani ya kiungo au dawa ya kusinzia. Kwa hiyo njiani msimpe ugali wala chai. Kurudisha kwenyewe zipo njia nyingi. Daktari Kocher wa Uswisi aliandika yake mwaka 1870, ya kuuzungusha mkono taratibu. Mimi naipenda ile ya kumlaza mtu kifudifudi mezani, mkono ukining'inia na uzito wa kilo chache. Unangoja dakika 15, 20. Misuli inachoka yenyewe, na bega linaingia kwa mlio mdogo, "kluk". Anayeng'ang'ana kuvuta anashindana na misuli iliyokaza kwa maumivu. Halafu picha ya pili, kuhakikisha.

Swali la mwenye mtumbwi pale nyuma: "Likirudi si kesho anavuta wavu?" Hapana, mzee wangu. Kijana atafunga mkono kama wiki 3. Mwenye miaka 60 tunamfungua mapema, kwa sababu bega lake huganda. Baadaye ni mazoezi: kuinama na kuubembeza mkono, kisha kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa mlangoni. Kazi ya kamba, hesabu miezi 3. Najua ni giza ngapi hizo na najua nani hatakulipa. Lakini kijana wa chini ya miaka 20 lililomchomoka mara moja, uwezekano wa kumchomoka tena ni mkubwa, maana ule ukingo laini umechanika. Kuna wanaofika kuchomokwa wakijigeuza kitandani, na hao sasa ni wa upasuaji.

Haya, kijana wa shati jekundu, njoo mbele. Mama, na kanga moja. Tunaikunja pembe tatu, hivi. Pete na bangili zitoke kwanza, mkono utavimba. Mkono tunauacha ulivyojiweka wenyewe, hatuunyooshi. Kanga ipite chini ya kiwiko, fundo lije upande wa bega zima. Nani anajaribu?