Kwaya Inaposhuka Pamoja

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu, nanyi vijana mliokubali kukosa mechi ya jioni ya leo ili kunisikiliza, nawashukuru. Nimeombwa kuzungumza juu ya muziki, michezo, uaminifu na malengo ya maisha. Katika ratiba yameandikwa kama mambo manne, lakini kwangu yamekuwa somo moja, na nililifahamu kwanza nikiwa nimesimama safu ya nyuma, upande wa bezi.

Wanakwaya mnajua kinachotupata tunapoimba wimbo mrefu bila kinanda. Mwalimu anatupa do, tunaanza vizuri katika ufunguo wa G, na tukifika ubeti wa tano tumeshuka hadi F, ulio chini yake, bila mtu kushtuka. Hatushtuki kwa sababu tumeshuka wote, soprano na alto, teno na bezi, na masikioni mwetu sauti zinapatana kabisa. Akitokea mmoja aliyebaki palepale tulipoanzia, huyo ndiye tunayemgeukia kwa macho makali. Nota zetu za sol-fa, zile za do, re, mi, haziwezi kutuokoa hapo. John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, alizieneza akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili hata mtu asiyejua kusoma nota za mistari aweze kuimba, na kwa nota hizohizo mwalimu wa kwaya Enoch Sontonga aliandika mwaka 1897, huko Afrika Kusini, wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa. Ni urithi mkubwa. Hata hivyo, do ya sol-fa huhama: inakuambia re iko umbali gani kutoka do, lakini haikuambii kwamba do yenyewe imezama. Hilo linajulikana kinanda kinapoingia, nasi tunaona aibu.

Sasa niwaambie habari ya mpira. Nilicheza mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 nikiwa na miaka 19. Karatasi iliandikwa upya, mimi nikatia saini, na sitamtaja mtu mwingine kwa sababu mkono uliotia saini ulikuwa wangu. Hakuna aliyeniambia kwamba ni uongo. Iliitwa kupunguza miaka, kama mtu anavyopunguza suruali kwa fundi. Timu tuliyocheza nayo ilikuwa na beki mwenye ndevu. Sote tulikuwa tumeshuka hadi F na tulikuwa tunapatana vizuri sana.

Jambo hili si la kijijini kwetu tu. Mexico iligundulika mwaka 1988 kuwa imechezesha watu waliozidi umri katika mashindano ya vijana, ikafungiwa na kulikosa Kombe la Dunia la mwaka 1990, yaani wachezaji wakubwa wasiohusika walilipa deni la karatasi za vijana. Nigeria ilifungiwa mashindano ya vijana kwa sababu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake hazikulingana kutoka orodha moja hadi nyingine. Sisi wenyewe, Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kosa la umri, na taifa likasubiri hadi mwaka 2017, Gabon, kulipata tena jukwaa hilo. Mwaka 2009 FIFA ilianza kutumia picha za MRI, yaani za mashine inayoonyesha ndani ya mwili, za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, kwa kuwa gegedu iliyoko mwishoni mwa mfupa unaokua hugeuka kuwa mfupa kamili, na ni nadra sana hilo kukamilika kabla ya miaka 17. Hicho ndicho kinanda chao. Biblia ilikwisha kusema, katika Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Ndiyo maana nampenda mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari kuliko washindi wengi. Mexico City, mwaka 1968, alianguka katika marathoni, akaumia goti, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Muda wake umeandikwa 3:25:27, bila kupunguzwa hata sekunde moja kwa ajili ya huruma, na ni muda wake kweli.

Mwanangu wa kiume alipozaliwa, mjomba wangu, mtu mwema na mpenda mpira, alinishauri kwa upole: "Mwanangu, usikikimbilie cheti. Mwache akue kwanza, ukiona ana kipaji mtapanga." Hakuniambia nimwibie mtu. Alinipa do, ile aliyoizoea yeye. Cheti cha kuzaliwa nilikichukua kabla mtoto hajaanza kutambaa, na nikiri kwamba siku ile niliona kama ninamfungia mtoto mlango fulani.

Kuhusu malengo sina mengi. Nikiwa na miaka hiyohiyo 19 niliyaandika kwenye kaunta buku: kucheza Ligi Kuu, kurekodi albamu ya injili, kujenga nyumba. La kwanza limepita, la pili limebaki katika simu yangu, la tatu limefika kwenye msingi. Lililobaki sikuliandika wakati ule, kwa kuwa sikujua kwamba ni lengo: mtoto wangu akinisikia nyumbani na akinisikia nje, asikie mtu mmoja.

Mwaka jana alikuta picha ya timu yetu ile, yenye bango la umri, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nilimjibu. Akafikiri kidogo, akauliza ni nani aliyekosa namba ili mimi nicheze. Mimi, mwalimu wa hisabati, sikuwahi kulifanya hesabu hilo. Alikuwa jirani yetu, mwenye miaka 16 ya kweli, aliyekaa benchi mashindano yote. Sasa anaendesha bodaboda. Nikamfuata kijiweni kumwomba radhi, naye akacheka, akanipiga bega, akasema, "Kaka, mbona tulijua wote?"

Katika bonanza letu la mwezi ujao mimi ndiye katibu wa usajili, nami nimeomba vyeti halisi vya kila mchezaji. Timu mbili zimekwisha kuniletea malalamiko kwamba naharibu mchezo, na moja kati yake ni ya mtaa wetu.