Kwa nini gurudumu hukunjika wakati wa kutua

Ndugu zangu, karibuni. Hili nililoliegemeza mezani ni gurudumu la nyuma la baiskeli ya milimani. Litazameni kwa ubavu: ringi imekwenda kulia sehemu mbili na kushoto sehemu mbili. Ukimuuliza mwenye gurudumu la namna hii, atakwambia aliruka juu mno. Mimi naona urefu unasingiziwa.

Ukianguka mita 1, unagusa ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Suala ni umemaliza mwendo huo ndani ya umbali gani. Miguu, mikono na shokapu zikikunjika kwa pamoja sentimita 50, nguvu ya wastani ni kama mara 3 ya uzito wako na baiskeli. Ukitua umekakamaa, ukasimama ndani ya sentimita 10, ni mara 11. Mrukaji ni yuleyule na urefu ni uleule.

Hata hivyo, nguvu ikija wima kabisa, gurudumu lililofungwa vizuri huvumilia kuliko watu wanavyodhani. Adui wake ni nguvu ya ubavuni.

Njoo hapa wewe uliyekaa mbele, ubane spoki hizi mbili kwa vidole. Za upande wa gia ni ngumu, sivyo? Sasa za kushoto. Umeona zinavyobonyea? Ugonjwa wa gurudumu hili uko hapo.

Spoki ni waya: inajua kuvuta, haijui kusukuma. Iliyokazwa sawasawa upande wa gia huvuta kwa kilo 100 hadi 120 hivi. Unapotua, ringi hubonyea kidogo pale inapogusa ardhi, na spoki za hapo chini hupungukiwa na mvuto. Zikiwa na akiba, hubaki zimekaza. Zikiwa legelege tangu nyumbani, mvuto hufika sifuri, na kwa muda huo mfupi hakuna kinachoishika ringi ubavuni. Ni mlingoti ambao kamba zake za upande mmoja zimeachiliwa. Hapo ukitua na gurudumu limekaa mshazari hata kidogo, au baiskeli imelala upande, ringi inajikunja.

Kushoto hulegea kwanza kwa sababu gia za nyuma zimekula nafasi ya kulia. Spoki za kulia zinasimama karibu wima, za kushoto zinatanuka zaidi. Ili ringi ikae katikati, za kushoto lazima zikazwe kidogo, mara nyingi theluthi mbili ya zile za kulia au chini yake. Ndiyo maana magurudumu ya inchi 29, yenye spoki ndefu, yalipoenea, watengenezaji walipanua nafasi ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu zinaposhikwa spoki, kutoka milimita 142 hadi 148, ili spoki zitanuke zaidi pande zote mbili. Milimita 6 tu, lakini ubavuni zina faida.

Nawasikia mnasema: basi tukaze mpaka mwisho. Hapana! Spoki zote kwa pamoja zinaikandamiza ringi kuelekea katikati. Ukizidisha, ringi hujikunja yenyewe ikisukumwa kidogo tu, pengine ikiwa bado mikononi mwa fundi, au hupasuka kwenye matundu ya spoki.

Upepo mdogo wa tairi nao unachangia, ila kwa njia nyingine: ringi hugonga jiwe na kubonyea, na spoki za pale hulegea. Safari ijayo ndiyo hulipa.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kama hili linanyooshwa. Kulikandamiza chini kwa mikono lirudi kiasi cha kukufikisha nyumbani, inawezekana. Lakini aluminiamu iliyokwisha kupinda hivi hainyooki bila spoki nyingine kukazwa kupita kiasi na nyingine kuachwa zikining'inia. Habu hii ni nzima, tutaitumia tena. Ringi, tupa.