Mita, Breka na Nusu Sekunde

Habari za asubuhi. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Hii mita ya kupimia umeme naizungusha, pasianeni mkono kwa mkono. Ubavu umeyeyuka na waya mmoja umebaki kisiki. Aliyekuwa ameishika ni mimi. Niliitwa kupima volti kwenye paneli ya volti 400 kiwandani. Asubuhi ile nilikuwa nimepima ampea za mota ndogo, na waya mwekundu nikauacha kwenye tundu la ampea. Mita ikiwa hivyo haina tofauti na kipande cha waya. Nikagusisha fezi mbili, yaani nyaya mbili zenye umeme. Fyuzi ya ndani ingeniokoa, ila ilishaungua zamani na mtu akaunganisha kijiwaya badala yake. Huyo mtu, niseme ukweli, huenda ni mimi pia.

Sikupigwa shoti. Naomba hilo mlishike, kwa sababu sisi mafundi tumefundishwa kuogopa kugusa tu. Umeme haukunipitia mwilini hata kidogo. Ulipita hewani, kati ya fezi na fezi, ukawa moto: huo ndio moto wa hewani, na ndio tunaouzungumzia leo. Nyusi zilikwenda, na ngozi ya mkono wa kulia ilibambuka kama ganda la kitunguu.

Hewa ikishapata moto mkali hupitisha umeme, na moto wenyewe unajilisha. Kiini chake kinaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Shaba ikigeuka mvuke hutanuka mara 67,000 hivi, ndiyo maana milango ya paneli hung'oka. Mwaka 1982 mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, aliandika kwamba hii ni hatari nyingine kabisa, mbali na kupigwa shoti. 1982! Umeme ulikuwa viwandani tangu enzi za babu zetu.

Sasa tuje kwenye breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Ngozi huanza kutoa malengelenge ikipata kalori 1.2 kwa sentimita ya mraba. Unapata ngapi? Inategemea nguvu ya umeme unaopita hewani, umbali wako, na muda. Muda ukizidi mara kumi, na joto linazidi mara kumi. Tuseme mahali uliposimama utapata kalori 2 breka ikikata kwa sekunde 0.05. Ikichelewa hadi nusu sekunde, utapata 20. Paneli ni ileile, na wewe ni yuleyule.

Na nani anaichelewesha? Mnamjua. Mota kubwa ikiwashwa breka inaanguka, msimamizi wa zamu anapiga kelele, fundi anachukua bisibisi na kupandisha kile kigurudumu kinachopanga breka ikate papo hapo kwa ampea ngapi. Uzalishaji unaendelea, kila mtu anafurahi. Lakini moto wa hewani una ukinzani, kwa hiyo ampea zake ni chache kuliko za shoti ya chuma kwa chuma. Breka iliyopandishwa inauona moto ule, inadhani ni mota inawashwa, inasubiri. Wewe uko mbele ya mlango umeinama. Kabla ya kugusa kigurudumu kile, nenda kwa mhandisi mwenye hesabu za mfumo.

Mengine ya kujikinga na moto huu mnayajua. Mijusi na panya wazibiwe njia, nati zikazwe kwa kipimo, na huku pwani chumvi ifutwe paneli ikiwa imezimwa. Shati la poliesta liacheni nyumbani, linayeyukia mwilini. Lile vazi zito la usoni na kifuani ni zuri, ila ni la mwisho: linapunguza kuungua, halizuii mlipuko. La kwanza ni kuzima, kufunga kufuli yako mwenyewe, ufunguo mfukoni mwako, kisha kupima: mita kwanza kwenye umeme unaoujua, halafu mahali pa kazi, halafu tena kwenye ule unaoujua.

Ndiyo, mdogo wangu wa kofia nyekundu?

*Je, bosi akikataa kuzima?*

Usigombane naye. Mletee fomu ya kibali cha kazi kwenye umeme hai, yenye nafasi ya jina lake, sababu ya kutozima, na saini. Mpe kalamu. Mimi nimeitoa fomu hiyo mara tano, na mara nne tulizima.

Mita imefika wapi? Irudisheni hapa mezani, tuifungue muone kile kijiwaya.